Lenzi ya sauti kwa paipu za wayaringi: usizibananishe

Sauti hupita polepole zaidi katikati ya msitu wa paipu kuliko kwenye hewa tupu, maana inabidi izizunguke. Msitu huo ukipangwa kwa umbo la lenzi mbinuko, mawimbi hukusanyika upande wa pili kama mwanga uliopita kwenye kioo cha kukuzia. Kwa paipu ngumu hewani hesabu ni fupi: n = √(1+f), ambapo n ni mara ngapi sauti inakwenda polepole zaidi kuliko kwenye hewa tupu, na f ni sehemu ya eneo iliyojazwa na paipu. Kwa mpangilio wa pembetatu, f = 0.907 × (d/a)². Hapo d ni kipenyo cha nje cha paipu, a ni umbali kutoka kati ya paipu moja hadi kati ya jirani yake.

Ukishaona hesabu hiyo, tamaa ya kwanza ni kubananisha paipu ili n ipande. Usifanye hivyo. Paipu za mm 20 zikiwekwa kila mm 22, n inafika 1.32, lakini karibu nusu ya nishati inagonga uso wa lenzi na kurudi ilikotoka. Hapo umejenga ukuta. Zikiwekwa kila mm 27, n ni 1.22 na kinachorudi ni kama asilimia 17 tu.

Kwa lenzi ya upana wa sm 60 inayofanya kazi kwenye 3,000 Hz, nunua paipu 36 za wayaringi za mm 20 zenye urefu wa mita 3. Kila moja inatoa vipande vitano vya sm 60, nawe unahitaji vipande 178 hivi. Usikubali kupewa paipu ya maji ya nusu inchi kwa maelezo kwamba “ni ileile”: kipenyo chake cha nje ni kama mm 21, haitaingia kwenye matundu utakayotoboa kwenye mbao za kuzishikilia. Zungusha kila paipu sakafuni kabla ya kulipa, kwa sababu zilizokaa juani dukani huwa zimepinda.

Chora kwenye plaiwudi ya mm 12 ambayo bado haijakatwa. Pigilia misumari miwili iliyoachana sm 53, kisha kwa kamba ya sm 40 chora tao kutoka kila msumari. Matao yakikutana kwenye ncha zilizoachana sm 60, na unene wa katikati ukiwa sm 27, uko sawa. Ndani yake piga mistari kila mm 23.4, utie alama kila mm 27, na kila mstari wa pili usogee mm 13.5. Pima alama zote kutoka mstari mmoja wa mwanzo. Ukipima kutoka tundu hadi tundu, kosa la nusu milimita linakua sentimita nzima kabla hujafika mwisho.

Bana mbao mbili za plaiwudi, ya juu na ya chini, pamoja na utoboe kwa mara moja, la sivyo paipu zitasimama mshazari. Mbao ya tatu, isiyo na tundu, ipigiliwe chini kama kizuizi.

Kwa hesabu, fokasi, yaani mahali mawimbi yanapokusanyika, ni sm 89 kutoka katikati ya lenzi, ila hiyo ni kwa spika iliyo mbali sana. Spika ikiwa mita 6, inasogea hadi sm 104. Ikiwa mita 3, sm 126. Tena lenzi hii ina upana wa urefu wa mawimbi matano tu, kwa hiyo kilele huja mapema, hata sm 20 au 30 kabla ya hapo. Sogeza maikrofoni sm 5 kwa sm 5 kuanzia sm 50. Ukipata ongezeko la desibeli 3 hadi 5 ukilinganisha na pale pale bila lenzi, kazi imekubali.

Joto la Dodoma halibadilishi n, na mwinuko wa mita 1,100 hivi haubadilishi kasi ya sauti. Adui ni upepo wa kiangazi na ardhi ya mchana, ambayo ikichemka huipindisha sauti juu. Pima alfajiri, kwenye uwanja wazi usio na kuta za kurudisha mwangwi, lenzi ikiwa juu ya meza. Namba zisipobadilika hata ukiondoa lenzi, shuku simu, kama ndiyo maikrofoni yako: nyingi hujirekebishia sauti zenyewe, basi tafuta programu inayozima tabia hiyo.

Usipande juu ya 3,200 Hz, kwani urefu wa wimbi usipungue mara nne ya a. Kuanzia 6,000 Hz hivi paipu hizohizo huanza kuzuia sauti. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania walipima jambo hilo kwenye sanamu ya Eusebio Sempere iliyoko Madrid, ambayo ni nguzo za chuma zilizopangwa kila sm 10: sauti ya 1,670 Hz ilififia ikipita katikati yake.