Kuimbisha Coleridge-Taylor kwenye kwaya ya Tabora

Ukiandika "Samuel Coleridge" peke yake mtandaoni utaletewa mshairi Mwingereza aliyefariki 1834. Andika jina zima: Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912), mtunzi wa London ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Kwa kwaya ya parokia au usharika, anzeni na huyu. Florence Price naye ni mkubwa, simfoni yake ya kwanza ilipigwa Chicago mwaka 1933, ila inadai okestra nzima. Kwa sasa isikilizeni tu kwenye simu.

Tafuteni "In Thee, O Lord", utunzi wa Coleridge-Taylor wa 1891 kwa sauti nne na ogani. Maktaba za bure za nota mtandaoni ni IMSLP na CPDL. Pale stationery chapisheni ukurasa mmoja kwanza: nakala za zamani hufifia, na flati (alama ya kushusha nota) iliyofifia ikirukwa, akodi nzima, yaani nota zinazolia pamoja, inaharibika.

Wanakwaya wakisoma solfa, kazi kubwa iko hapa: kugeuza nota za mistari kuwa solfa. Shapu (alama ya kupandisha nota) ya mwisho mwanzoni mwa mstari ni ti. Flati ya mwisho ni fa. Shapu moja, basi do ni G. Flati tatu, do ni E flati. Fa iliyopandishwa iandikeni fe, ti iliyoshushwa iwe ta. Shapu au flati iliyowekwa katikati ya wimbo hudumu mpaka mstari wa wima unaofuata, kwa hiyo anayeandika fe halafu fa ndani ya kipimo hichohicho, bila alama ya kuirudisha, amekosea. Tena, tenor ikiwa kwenye ufunguo wa G huimbwa oktava moja chini. Mpiga kinanda akiipiga ilivyoandikwa, tenor itapanda juu ya alto, na wanaume watalalamika bure.

Maneno yapo Zaburi 31. "In Thee, O Lord" ni silabi nne, mkazo kwenye ya pili na ya nne. Kwa Kiswahili, "Nimekukimbilia" peke yake ina saba, haiingii. "Kwako, Bwana" inatosha kwa hesabu lakini itatoka "kwaKO bwaNA", kichekesho. Jaribuni "Ni kwako, Bwana", mkigawa nota ya mwisho mara mbili ili "na" ipate mahali.

Mazoezini anzeni na besi na soprano pamoja, kwa "la" bila maneno. Alto waingie mwisho. Wao ndio wenye fe na ta zinazoteleza. Soprano wakibana juu, shusheni wimbo wote toni moja.