Kubadilisha Vilengeo vya Bastola ya Glock 17

Kwa mpenda shabaha mwenye kibali, rekebisho la kwanza lenye faida ni vilengeo, yaani alama za kulengea zilizo juu ya bastola, kwa kuwa vile vya plastiki ambavyo nyingi hutoka navyo kiwandani hukwaruzika upesi. Toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayosogea) nyuma, kisha kagua chemba, mahali risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, maana bastola hii haifunguliwi bila kubonyeza kifyatulio. Kilengeo cha mbele hushikwa na skrubu moja ndogo kwa ndani. Cha nyuma husukumwa pembeni, na hapo kifaa maalumu cha kusukumia kinafaa kuliko nyundo. Risasi zikipiga kushoto, kisogeze kulia kidogo kidogo. Zikipiga chini, tafuta cha mbele kilicho kifupi zaidi. Kifyatulio chenyewe mwachie fundi mwenye leseni.