Inshallah si Arubuni: Namna ya Kuwahoji Wateja wa Biashara ya Kujitolea Lamu

Tuseme umepata wazo la kuanzisha kampuni ndogo hapa Lamu, itakayowaunganisha watu wanaotaka kujitolea na kazi za jamii zinazohitaji mikono, kama vile kupanda mikoko, kuokota plastiki fuoni au kuwahudumia punda. Wazo ni jema, na kwa kuwa ni jema kila utakayemweleza atalisifu. Hapo ndipo taabu ya mahojiano ya aina hii inapoanzia, kwani ni shida kumpata muungwana atakayekwambia usoni kwamba nia yako ya kheri haina soko.

Kabla hujamhoji yeyote, jiulize mteja wako hasa ni nani. Muuza samaki hana shaka na jambo hili, lakini katika biashara ya kujitolea anayelipa si yule anayefaidika na kazi. Anayelipa huenda ni mgeni aliyefikia Shela, au mwalimu wa shule ya Nairobi anayeleta wanafunzi wake kuuona mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Anayepokea kazi ni kikundi cha kina mama, wavuvi wa pwani fulani, au mwenye punda. Baina ya pande hizi mbili wapo wenye nyumba za wageni na manahodha, ambao ndio humwambia mgeni aende wapi kesho. Kila kundi lina maswali yake. Mimi ningeanza na walipaji, kwa sababu ukianza na vikundi kisha ukakosa wa kulipa, utakuwa umewatia watu matumaini bure, nao hawatakusikiliza mara ya pili.

Mimi mwenyewe niliteleza hapa. Nilikaa karibu na gati siku kadhaa, nikawa nawauliza wageni kama wangependa kutoa siku moja kupanda mikoko, na wote wakasema wangependa sana. Siku ilipofika, mashua niliyoikodi ilisubiri mpaka maji ya bahari yakaanza kupwa, na ndani yake tulikuwamo mimi, nahodha na vikapu viwili vya miche.

Kosa halikuwa la wageni bali la swali. Ukimuuliza mtu angependa nini, atakujibu kwa moyo wake mzuri. Ukimuuliza alifanya nini, itambidi akumbuke. Kwa hiyo usilitaje wazo lako mapema, na uulize yaliyokwisha kutokea, mfano hivi:

— Mara ya mwisho ulijitolea lini?
— Mwaka jana, Watamu. Tulisafisha ufuo.
— Nani alikuonyesha mahali hapo?
— Mwenye nyumba niliyopanga.
— Ulitoa pesa yoyote?
— Nililipia usafiri na chakula.
— Kuna kitu kilichokuudhi?
— Tuliambiwa saa mbili, kazi ikaanza saa tano, jua limeshakuwa kali.

Katika majibu hayo manne umepata njia ya kumfikia mteja, gharama alizokwisha kukubali kulipa, na kasoro ambayo wewe unaweza kuirekebisha. Ukishauliza, nyamaza. Mhoji anayejaza kila kimya kwa maelezo ya mradi wake huondoka na maneno yake mwenyewe. Naye asiyewahi kujitolea popote, hata kwao, mshukuru na upite, hata akikupa sifa za saa nzima.

Kwa wenyeji, mahali na wakati ni nusu ya kazi. Mabaraza ya bahari hujaa baada ya sala ya alasiri, na kahawa chungu hulegeza ndimi, ila jibu analotoa mtu mbele ya wenzake kumi ni jibu la baraza zima. Sikiliza pale, kisha umwombe unayemtaka mkutane peke yenu, dakani kwake, yaani kwenye kibaraza cha mlango wa nyumba, au kazini kwake. Ijumaa mchana usipange mahojiano, siku za Maulidi kila mtu ana wageni wake, na mwezi wa Ramadhani mazungumzo marefu yangoje baada ya tarawehi. Kama wewe ni mwanamume na unataka maoni ya kina mama, mtafute mwanamke wa mtaa huo anayeaminika akuhojie, umlipe ujira wake, na umfundishe kuandika majibu kama yalivyosemwa. Na mtu akikujibu, “Inshallah, tutaona,” amekujibu kwa imani na kwa adabu, wala hajakuahidi kitu. Usiliandike jibu hilo kuwa ni ndiyo.

Swali linalozaa zaidi kwa kikundi kinachopokea watu wa kujitolea ni kuhusu waliotangulia. “Bi, wageni wa mwisho waliokuja kupanda mikoko waliacha nini?” Huenda akakujibu kwamba waliondoka na picha. Usicheke ukapita, bali muombe mwende mkapaone. Mara nyingi utakuta miche ya mkoko ilichomekwa kwenye mchanga ulio wazi kwa mawimbi, mahali palipopendeza kwa kamera, wakati mti huo hutaka tope na maji yaliyotulia, na unaostahimili upande wa bahari ni mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni. Hapo uliza nani alichagua mahali, nani alirudi kuitazama miche baada ya mwezi, na kazi ile iliwapotezea kina mama siku ngapi za shughuli zao. Utaona kwamba mgeni wa kujitolea ana gharama kwa mwenyeji wake, kuanzia maji ya kunywa hadi mtu wa kumwongoza, na kwamba bei utakayomtajia mlipaji lazima iibebe gharama hiyo.

Baadhi ya wageni watakuuliza kuhusu kucheza na watoto katika makao ya mayatima. Andika kwamba wameuliza, lakini usiliuze hilo. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mtoto anayezoea mtu mpya kila wiki mbili ndiye anayelipa gharama ya furaha ya mgeni.

Kuhusu kumbukumbu, daftari latosha. Ukitaka kurekodi sauti au kuhifadhi jina na namba ya simu, omba ruhusa na ueleze utavitumiaje, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama ofisi yako ni kiti kimoja. Andika usiku uleule, kwa maneno ya msemaji, “jua limeshakuwa kali” ni bora kuliko “hakuridhishwa na ratiba.” Majibu ya watu wa kundi moja yanapoanza kufanana kiasi kwamba unaweza kuyakisia, kundi hilo limekwisha, nenda jingine.

Mwishoni, na mwishoni tu, eleza wazo lako, taja siku na bei, kisha uombe arubuni ndogo, yaani malipo ya kutangulia, kwa simu, itakayorudishwa kamili safari isipofanyika. Waliotoa wahesabu kuwa wateja. Aliyekusifu kisha akakataa kutoa ndiye wa kurudiwa kwa upole, umuulize kilichomzuia. Akikwambia kwamba siku zake za kukaa Lamu ni tatu tu, na moja ameshaitoa kwa safari ya mashua, utakuwa umejua kwamba kazi yako haina budi kuanza alfajiri na kumalizika mapema.