Jinsi ya Kuchagua Eneo la Mitambo ya Upepo: Ndege, Vibali na Wananchi Kabla ya Kumwaga Zege

Eneo lenye upepo mzuri si lazima liwe eneo zuri la mradi. Utaratibu ninaoueleza hapa, ambao nimeufuata katika kazi ya kutafuta maeneo ya kujenga mitambo ya kuzalisha umeme, umesimama juu ya wazo moja: tafuta kwanza sababu za kulikataa eneo, tena uzitafute mapema, wakati kulikataa hakujagharimu kitu. Mradi ukishalipia ardhi, vipimo na wataalamu, kila sababu ya kukataa huanza kuonekana kama kero ya kutulizwa, na hapo ndipo makosa makubwa hufanyika.

Altamont Pass, katika jimbo la California nchini Marekani, ni mfano ambao kila anayeingia katika kazi hii anapaswa kuujua. Katika miaka ya 1980 maelfu ya mitambo midogo ilisimamishwa juu ya vilima ambako tai huwinda, bila njia zao za kuruka kuchunguzwa ipasavyo. Vifo vya tai vilileta mabishano na kesi zilizoendelea kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya dawa iliyopatikana hatimaye ilikuwa kung'oa mitambo ya zamani na kuweka mikubwa zaidi, michache, katika nafasi zilizochaguliwa kwa uangalifu. Kazi hiyo ya kuchagua nafasi ndiyo iliyopaswa kufanywa mwanzoni.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya vikwazo

Kabla ya kwenda uwandani, kusanya tabaka zote za taarifa katika programu ya ramani: hifadhi na misitu iliyolindwa, ardhioevu, miamba yenye viota, mapango ya popo, njia za ndege wanaohama, nyumba, makaburi na sehemu za ibada, viwanja vya ndege, rada, minara ya mawasiliano, miteremko mikali, barabara na njia za umeme. Paka rangi mbili tu. Nyekundu iwe mahali ambapo hutajenga kwa hali yoyote, na njano iwe mahali pa kuchunguza zaidi. Andika pia sababu ya kila rangi, kwa kuwa miaka miwili baadaye mtu atakuuliza kwa nini kilima fulani kiliachwa, na jibu la kwamba ndivyo ilivyoonekana wakati ule halitamridhisha.

Utashawishika kuibadili nyekundu iwe njano. Nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, hivyo kasi ikipanda kutoka mita 6 hadi mita 7 kwa sekunde, nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 59. Kingo za miinuko ndizo zenye kasi hiyo ya ziada, lakini upepo unaogonga mteremko na kupanda juu ndio huohuo unaowainua tai, tumbusi na korongo wanaoruka bila kupigapiga mabawa. Mgongano kati ya mitambo na ndege hawa si bahati mbaya. Wote wawili wanafuata kitu kimoja.

Umbali wa kufikia gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, uingie katika ramani hiyohiyo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa umeisimamisha mitambo yake mwaka 2017, lakini ilikaa bila kupeleka umeme hadi njia ya kusafirisha umeme ya kwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilipokamilika mwezi Septemba 2018.

Hatua ya pili: nenda ukasikilize kabla ya mkataba wowote

Hatua hii naipa uzito kuliko nyingine zote, na ndiyo ambayo wahandisi huiruka kwa urahisi zaidi, kwa imani kwamba mikutano ya wananchi ni sehemu ya maombi ya kibali. Mkutano wa kibali huja kuwaeleza watu jambo ambalo tayari limepangwa. Ziara ya kwanza iwe ya kuuliza: nani anaitumia ardhi hii, katika majira gani, kwa kazi gani, na ni nini kisichoguswa. Usiishie kwa mwenye hati. Wapo wafugaji wanaopita mara mbili kwa mwaka, wapangaji wanaolima bila karatasi, wanawake wanaojua chemchemi ipi haikauki, na wazee wanaojua makaburi yasiyo na alama.

Katika mradi mmoja nilioushiriki tulifika kijijini na ramani ambayo kwetu ilikuwa imekamilika. Mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza mifugo itapita wapi kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Mitambo mitatu ilikuwa juu ya njia yenyewe, na hakuna tabaka lolote la ramani yetu lililoionyesha. Kuihamisha kulichukua siku moja mezani kwa sababu hapakuwa bado na msingi hata mmoja uliochimbwa. Tangu hapo sipeleki ramani iliyokamilika katika mkutano wa kwanza. Napeleka ramani yenye mito, vilima na barabara tu, na kalamu.

Gharama ya kuikosea hatua hii imeandikwa katika hukumu za mahakama. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen, iliyokuwa tayari inazalisha umeme, vilikiuka haki ya wafugaji wa jamii ya asili ya Wasami ya kuendeleza utamaduni wao. Mwezi huohuo mahakama nchini Kenya ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria. Mradi wa Kinangop, pia nchini Kenya, haukufika hata huko: uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani mkali wa wakazi.

Ikiwa eneo linagusa jamii za asili, viwango vya mwaka 2012 vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi), ambavyo wakopeshaji wengi huvifuata, vinadai ridhaa ya hiari, iliyotolewa mapema na kwa taarifa kamili, katika mazingira kama vile kutumia ardhi yao ya kimila au kuwahamisha. Ridhaa yenye maana ni ile ambayo mtu angeweza kuikataa, na akikataa, mpango ukabadilika.

Hatua ya tatu: pima upepo na viumbe kwa wakati mmoja

Mnara wa vipimo, au kifaa cha leza kinachopima upepo kutoka ardhini, hukaa angalau miezi 12 ili majira yote yaonekane, kisha takwimu zake hulinganishwa na kumbukumbu za miaka mingi. Anza uchunguzi wa ndege na popo siku hiyohiyo, na ikiwezekana uuendeleze kwa miaka miwili, kwa kuwa mwaka mmoja wa mvua nyingi au ukame hudanganya.

Kwa ndege wakubwa, watazamaji hukaa katika vituo vilivyochaguliwa na kurekodi kila anayepita: aina yake, njia aliyofuata, muda aliokaa hewani na kimo chake, hasa kama yumo katika kimo cha mapanga, yaani mikono ya mtambo inayozungushwa na upepo. Mwongozo wa Uskoti hutaka angalau saa 36 kwa kila kituo katika kila msimu, na nauona kama kiwango cha chini. Kwa popo, tundika vinasa sauti vyao juu ya mnara wa vipimo na vingine karibu na ardhi, kwa sababu wanaosikika chini si lazima wawe wale wanaoruka juu.

Takwimu hizo huingizwa katika hesabu ya kukadiria vifo, na hapo nakuomba uwe mwangalifu sana. Hesabu hiyo hutegemea dhana ya asilimia ya ndege wanaoweza kukwepa mapanga. Ukiibadili dhana kutoka asilimia 98 hadi 99, badiliko linaonekana dogo, lakini wasiokwepa wamepungua kutoka wawili hadi mmoja katika kila mia, na makadirio ya vifo yamepungua kwa nusu. Mtaalamu akikuletea jibu la kupendeza, muulize kwanza alitumia asilimia ipi na aliitoa wapi.

Hatua ya nne: panga nafasi ya kila mtambo

Kwa kawaida mitambo huachiana umbali wa mara 5 hadi 9 ya kipenyo cha duara la mapanga katika mwelekeo wa upepo mkuu, na mara 3 hadi 5 kwa upande, ili mmoja usimnyime mwenzake upepo. Ndani ya mpangilio huo kuna nafasi ya kusogeza: mita chache nyuma ya ukingo wa jabali, mbali na pengo ambalo ndege hupitia, mbali na bwawa. Pima pia kelele katika kila nyumba iliyo karibu, hasa usiku, na kivuli cha mapanga kinachopepesa wakati jua liko chini. Kanuni inayotumika Ujerumani ni kivuli kisichozidi saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku katika hali mbaya kabisa.

Hatua ya tano: punguza madhara yaliyobaki

Kuhama ndiyo kinga bora. Hatua hii ni kwa yale yasiyohamika. Katika eneo la Tarifa, kusini mwa Hispania, watazamaji walipopewa mamlaka ya kuamuru mtambo usimamishwe tumbusi wanapokaribia, vifo vya tumbusi vilipungua kwa takriban nusu, na umeme uliopotea kwa mwaka ulikuwa asilimia 0.07 tu. Kwa popo, ambao huruka zaidi usiku wenye upepo mdogo, kuchelewesha mapanga kuzunguka hadi upepo ufike kasi ya juu kidogo kuliko kawaida hupunguza vifo kwa kiasi kikubwa, na kwa kuwa upepo huo ni dhaifu, hasara ni ndogo. Kule Smøla nchini Norway panga moja kati ya matatu lilipakwa rangi nyeusi na vifo vya ndege vikapungua kwa takriban asilimia 70, ingawa jaribio lilihusu mitambo michache na nisingelitegemea peke yake.

Tumbusi wanastahili tahadhari ya pekee, kwani wengi wao hutaga yai moja kwa msimu na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Vifo vichache kila mwaka hutosha kulifyeka kundi. Usisahau nyaya, nazo huua kwa kugongwa na kwa shoti: weka alama zinazoonekana na nguzo ambazo ndege mkubwa hawezi kugusa nyaya mbili kwa pamoja.

Hatua ya sita: vibali

Andaa kalenda moja ya vibali vyote: tathmini ya athari kwa mazingira, matumizi ya ardhi, usalama wa anga, kuunganishwa na gridi, barabara. Kila kimoja kina muda wake wa kuisha, na kimoja kikiisha wakati kingine kinasubiriwa, unarudi nyuma. Omba mitambo na njia yake ya umeme zitathminiwe pamoja, na hesabu athari za miradi jirani, kwa kuwa ndege hukutana na miradi yote.

Hatua ya saba: makubaliano yanayodumu

Usimlipe mwenye shamba la mtambo peke yake ilhali jirani anayesikia kelele hapati kitu. Sheria ya Denmark ya mwaka 2008 ilitaka wakazi walio ndani ya kilomita 4.5 wapewe nafasi ya kununua angalau asilimia 20 ya hisa za mradi mpya. Sema ukweli kuhusu ajira: nyingi huisha ujenzi ukiisha. Katika mkataba weka fedha za kuiondoa mitambo mwishoni mwa maisha yake, na taja nani atapokea malalamiko na kwa siku ngapi atajibu.

Hatua ya nane: fuatilia, kwa viwango vilivyokubaliwa mapema

Baada ya mitambo kuanza kuzunguka, tafuta mizoga chini yake kwa ratiba maalumu. Idadi inayoonekana si idadi ya vifo: wanyama hula mizoga, na mtafutaji hukosa mingine katika nyasi. Weka mizoga ya majaribio, hesabu ni mingapi iliyopatikana na ilidumu siku ngapi, kisha rekebisha takwimu. Amueni tangu wakati wa kibali ni idadi gani ya vifo vya kila spishi itakayolazimisha hatua, ni hatua ipi, na nani ana mamlaka ya kuzima mtambo siku hiyohiyo bila kusubiri kikao.