Kuweka uthibitishaji wa watumiaji kwenye fayawoli

Fayawoli (kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao) inayosoma anwani za IP peke yake haijui ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta. Ili kanuni zako ziseme "wahasibu wapite, wengine wasipite", lazima uiunganishe na saraka yenye majina ya watu. Hapa tunachukua mpangilio unaokutwa sana: Active Directory (saraka ya watumiaji ya Microsoft) inayoulizwa kwa LDAP, itifaki ya kusoma saraka, na RADIUS, itifaki ya kuuliza seva ya uthibitishaji, pale panapohitajika uthibitisho wa hatua ya pili, yaani kitu cha ziada baada ya nywila. Menyu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, ila mfuatano wa kazi haubadiliki.

Anza na mambo mawili ambayo watu huyaruka. Kwanza, bakiza akaunti moja ya msimamizi iliyohifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, yenye nywila ndefu, isiyotegemea saraka. Saraka ikizimika na huna akaunti hiyo, umejifungia nje. Pili, saa. Ielekeze fayawoli kwenye seva ileile ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa (poti ya UDP 123), inayotumiwa na seva za saraka. Kwa kawaida Kerberos, mfumo wa uthibitishaji wa Active Directory, hukataa tofauti inayozidi dakika 5, namba za siri za hatua ya pili zinazoonyeshwa na programu ya simu hubadilika kila sekunde 30, na cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha seva ni nani) kizuri kabisa huonekana batili kwenye kifaa ambacho saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa.

Kuunganisha saraka

1. Tengeneza akaunti ya huduma kwenye saraka, ya kusoma tu. Usitumie akaunti ya msimamizi wa domeni. Nywila hii itakaa ndani ya mipangilio ya fayawoli na ndani ya kila nakala rudufu yake.

2. Sajili seva ya saraka kwa LDAPS, yaani LDAP iliyosimbwa, poti 636. Poti 389 bila usimbaji hupitisha nywila zikiwa wazi, na yeyote anayenusa mtandao atazisoma. Pakia kwenye fayawoli cheti cha mamlaka kilichotia saini cheti cha seva, kisha andika seva kwa jina lake kamili, si kwa IP. Jina lisipolingana na lililo kwenye cheti, muunganisho utakataliwa. Wengi wakifika hapa huzima ukaguzi wa cheti ili mambo yaende. Yataenda, lakini fayawoli itakuwa tayari kumkabidhi nywila yeyote anayejifanya seva.

3. Weka mzizi wa utafutaji, yaani mahali pa kuanzia kutafuta watumiaji, kwa mfano `DC=mfano,DC=lan`, na sifa ya jina la kuingilia. `sAMAccountName` ni jina fupi (`asha`). `UserPrincipalName` ni lile lenye alama ya @. Chagua moja uwaambie watumiaji, kwani anayeandika jina refu pale linapotafutwa fupi ataambiwa amekosea nywila.

4. Bonyeza kitufe cha kujaribu, kwanza kwa akaunti ya huduma, halafu kwa mtumiaji wa kawaida. Ukishindwa, usibahatishe. Active Directory hurudisha msimbo baada ya neno `data`: 525 ni mtumiaji hayupo, 52e nywila si sahihi, 532 nywila imeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 773 lazima abadilishe nywila, 775 akaunti imefungwa.

Vikundi

Mtu anaweza kuingia vizuri na bado akazuiwa, kwa sababu kuthibitisha ni kazi moja na kuruhusu ni nyingine. Kanuni zifunge kwenye vikundi, si kwa mtu mmojammoja. Angalia mitego miwili. Sifa ya `memberOf` haionyeshi kikundi cha msingi cha mtumiaji, ambacho kwa kawaida ni Domain Users, kwa hiyo kanuni inayokitegemea mara nyingi haimpati mtu yeyote. Kikundi kilicho ndani ya kikundi nacho hakionekani kwa utafutaji wa kawaida. Tumia kichujio chenye `1.2.840.113556.1.4.1941`, kanuni ya kutafuta hadi vikundi vya ndani, au, rahisi zaidi, tengeneza vikundi bapa (visivyo na kikundi kingine ndani) kwa ajili ya fayawoli tu.

Hatua ya pili kwa RADIUS

Poti ni UDP 1812 kwa uthibitishaji na 1813 kwa kumbukumbu za matumizi. Vifaa vya zamani hutumia 1645 na 1646. Seva ya RADIUS hupuuza kimyakimya ombi kutoka IP isiyoijua, na fayawoli yenye violesura (milango ya mtandao) vingi inaweza kutuma kutoka kiolesura usichokitarajia. Dalili yake ni "seva haijibu", ilhali seva ni nzima. Taja wazi IP ya kutumia.

Mtumiaji akitakiwa kubonyeza "kubali" kwenye simu, sekunde 5 za kusubiri hazitoshi. Weka 60 na upunguze majaribio ya kurudia, la sivyo simu yake itapokea maombi matatu kwa kuingia mara moja. Washa pia sharti la Message-Authenticator, sifa inayothibitisha kuwa pakiti haijachezewa, pande zote mbili, kwani shambulio la Blast-RADIUS lililotangazwa mwaka 2024 hupitia pakiti zisizo nayo.

Kanuni na ukurasa wa kuingia

Mtumiaji huandika jina na nywila kwenye ukurasa wa kuingia ambao fayawoli humfungulia kivinjarini. Ruhusu DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, kabla ya uthibitishaji. Bila hiyo kivinjari hakipati anwani ya tovuti yoyote, na ukurasa wa kuingia hautokei kamwe. Uupe ukurasa huo cheti chenye jina ambalo kompyuta za watumiaji zinaliamini. Hata hivyo, anayeanza kwa tovuti yenye HSTS (agizo kwa kivinjari kutumia HTTPS tu) ataona onyo lisilo na njia ya kupita, hivyo mwelekeze afungue kwanza anwani ya ukurasa wenyewe. Kanuni za vikundi ziwe juu ya kanuni ya jumla, maana inayolingana kwanza ndiyo inayotumika.

Kuwa mwangalifu na IP inayotumiwa na wengi, kama seva ya dawati la mbali au tawi lililo nyuma ya NAT (kompyuta nyingi kuonekana kwa IP moja). Hapo mmoja akiingia, wote wamepita kwa jina lake. Seva ya dawati la mbali huhitaji programu-wakala ya mtengenezaji inayotofautisha vipindi vya watumiaji (muda tangu mtu aingie hadi atoke).

Mwisho, jaribu akaunti iliyozimwa. Ingia, izime kwenye saraka, kisha tazama: fayawoli nyingi huendelea kumruhusu hadi kipindi chake kiishe. Weka kikomo cha kipindi kwa saa, si siku, na mtu anapoachishwa kazi futa kipindi chake kwa mkono kwenye orodha ya watumiaji walioingia.