Goma mpaka Bukavu na sakado kwenye mugongo: namna ya kutembea pembeni ya Ziwa Kivu na makuta kidogo

Batu banauliza kila siku kama mutu anaweza kutoka Goma akafika Bukavu na miguu bila kumaliza makuta yote. Anaweza, ila njia yenyewe inapitia ng'ambo, Rwanda. Inaitwa Congo Nile Trail, inaanzia Rubavu (sisi tumezoea kusema Gisenyi) inamalizikia Rusizi, kilomita 227 pembeni ya ziwa. Unatokea kwa barieri (mpaka) ya Goma, unarudilia kwa barieri ya Bukavu. Mi nimeifanya mara tatu na ya kwanza niliifanya vibaya sana, njo maana naandika.

Hatua ya 1: chagua kipande cha miguu na kipande cha bisi

Yote na miguu ni karibu siku 10. Mwenye iko na siku 10 aende, mi sina. Ninachofanya ni hivi: natembea Rubavu mpaka Karongi, ile Kibuye ya zamani, siku 4 ao 5, kisha Karongi mpaka Rusizi napanda bisi. Upande wa kusini kuko muzuri, mashamba ya chai na pori ya Nyungwe, lakini kipande kikubwa unajikuta kwenye lami na magari inakupita karibu na sikio, sioni raha ya kulipia viatu kwa ile. Kaskazini njo kuko njia ya udongo, kahawa, ziwa chini yako na kisiwa cha Idjwi mbele ya macho siku nzima.

Mipango yangu: siku ya kwanza nalala Cyimbiri, kama kilomita 20, ya pili Kinunu, ya tatu Musasa, kisha Karongi. Nenda mwezi wa 6 mpaka wa 8. Mwezi wa 4 mvula itakuonyesha.

Hatua ya 2: karatasi na barieri

Saa za kufunga barieri zinabadilikaka, kwa hiyo uliza siku moja mbele, na uliza mama mwenye anavuka kila asubuhi na bidhaa yake, yeye njo anajua. Usiende na jetoni ya soko, ile ni ya kuzunguka karibu na mpaka na kurudi. Beba paspoti ao lesepase (karatasi ya kuvukia mpaka), na umuambie ajenti tangu mwanzo kama utatokea Rusizi.

Halafu sashe za plastiki. Rwanda ilizikataza tangu 2008 na banafungua mifuko kweli. Mara ya kwanza nilikuwa na chumvi, sukari na sabuni ya unga, kila moja kwenye sashe yake, nikajikuta pembeni ya meza namimina sukari kwenye soksi (safi, muniamini) na batu nyuma yangu kwenye laini banacheka. Funga bintu kwenye kitambaa ao bidoni ndogo ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 3: muzigo, na hapa musome polepole

Kila mutu anafikiri makuta inamalizikia kwa kulala. Hapana. Inamalizikia kwa motari, ule mwenye kubeba batu na pikipiki. Safari yangu ya kwanza nilibeba kilo 17: sufuria mbili, suruali ya jeans, blanketi ya mama, hata pasi ya mukaa nilikuwa karibu kuibeba. Kabla ya Nyamyumba mabega ilikuwa inawaka, nikasimamisha moto (pikipiki). Kesho yake moto ingine. Siku ya tatu ingine, na mvula juu, na ile ya tatu njo ilikuwa bei kali juu motari aliniona nimechoka. Nilipohesabu Karongi, moto tatu zilikula makuta kuliko chakula yangu ya siku zote nne. Na sikuona njia, niliona mugongo ya motari.

Sasa nafanyaka hivi. Najaza sakado, nachukua na maji ndani, naenda nayo Birere, hapa Goma, kwa mama wa maharagi mwenye iko na mizani ya kunyonga, namuomba anipimie. Kilo 8, isipite. Ikipita, ninaondoa palepale na mutoto anarudisha nyumbani. Mama wa kwanza alinishangaa, wa leo ananiita "muzee ya kilo nane".

Ndani yake: nguo mbili za kubadilisha (za chaguwa, ni kusema mitumba, nyepesi, zinakauka mbio, jeans hapana), koti ya mvula, shuka, tochi, sabuni, dawa ya kuhara na ya malaria, viatu vya plastiki vya jioni. Viatu vya kutembea usinunue vipya wiki ya safari, vaa vyenye mguu umeshazoea. Ya kula ni formaji (jibini) ya Masisi, ile ya muviringo, nusu yake inatosha, haiombi frigo na inakaa siku zote bila kuharibika, pamoja na karanga. Sufuria acha. Njiani kuko chai ya maziwa, mandazi, ndizi, viazi, bei kidogo.

Hatua ya 4: makuta

Mi najipa dola 15 kwa siku, kula na kulala, na nagawanya kwenye bahasha tatu: ya njia, ya bisi na boti ya kurudia, ya ajali. Ya pili haiguswi hata kama sambaza, samaki ndogo za ziwa, inanukia namna gani. Vunja dola zako Gisenyi, uombe noti ndogo ndogo za franga ya Rwanda, juu kule kwenye vijiji mama wa mandazi hana chenji ya 5000, na dola hataki kuiona.

Hatua ya 5: kulala

Anza na nyumba za wageni za kanisa. Karongi kuko Home Saint Jean juu ya kilima, unakaa pale jioni unaona jua inazama kwetu Congo. Kama uko na hema, usijifiche kwenye shamba ya mutu, tafuta mukubwa wa umudugudu (kijiji), musalimie vizuri, atakuonyesha pahali.

Ila sisi wa Goma tunajua mazuku, na wageni hawajui. Ile gazi ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inalala kwenye mashimo upande huu wa kaskazini, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umekufa. Mbuzi anaingia shimoni, hatoki. Kwa hiyo hema weka juu, pahali upepo unapita, hata kama chini kuko nyasi laini.

Hatua ya 6: njiani

Toka saa 12 asubuhi, saa 6 jua inauma na wewe umeshamaliza karibu yote. Kiswahili ni luga rasmi Rwanda tangu 2017, na mjini inasaidia, lakini ndani ya vijiji utahitaji "ni angahe?" (ni bei gani?) na "murakoze" (asante). Angalia pia kalenda: jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja, maduka yamefungwa na bisi hazitembei, mi nimekaa masaa matatu juu ya jiwe kwa kutojua.

Nyamyumba simama kwenye amashyuza, maji moto inatoka chini pembeni ya ziwa, weka miguu, usiharakishe. Kuogelea hakuna mamba wala kiboko, lakini uliza benyeji wapi. Na usiku usilale mapema: bavuvi ya sambaza banatoka na mitumbwi tatu tatu zimefungwa pamoja, taa mbele, bakipiga kasia banaimba, sauti inafika mpaka juu kwenye kitanda. Asubuhi nunua za kukaanga zikiwa moto, na pilipili.

Hatua ya 7: Karongi, Rusizi, Bukavu, nyumbani

Bisi panda ya asubuhi, na usishibe sana, kona ni mingi. Lengo ni kufika Rusizi ukiwa na masaa mbele yako, barieri ikifungwa utalipia usiku mwenye haukuwa kwenye bahasha.

Bukavu lala kwa ndugu kama uko naye, kisha boti ya kurudi Goma. Kanoti ya mbio ni masaa kama 3, boti kubwa ni bei chini. Kama imejaa batu mpaka kwenye ngazi, acha iende, hata kama umeshakata tikiti: mwezi wa 10 mwaka wa 2024 boti ilizama mbele ya Kituku, bandari ya Goma, batu bamesimama kwenye bandari banaiona. Omba jile (koti ya kuokoa kwenye maji) kabla ya kukaa, uivae, ufunge kamba zote. Bakicheka, wewe kula formaji yako yenye ilibakia.