Kabla hujapeleka wazo lako kwa kampuni kubwa, soma hii kwanza

Wacha nianze na hili manake ndo linawachanganya wengi: wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Hakimiliki inalinda kitu ulichokiandika au kukitengeneza, yaani msimbo wa apu yako, michoro, maandishi, lakini sio ile fikra ya "watu wakope kwa simu bila kwenda benki". Na hapa Kenya hataza (patent, ile haki ya uvumbuzi) nayo haitakufaa kama ulichonacho ni njia tu ya kufanya biashara, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 imezitoa njia za biashara kwenye vitu vinavyopewa hataza. Kwa hivyo ukiingia kwa kampuni ya simu ama benki na slaidi za wazo tu, ujue umewagawia.

Angalia kesi ya Nkosana Makate kule Afrika Kusini. Mwaka 2000 alikuwa mhasibu mwanagenzi pale Vodacom, kampuni ya simu, mpenzi wake anasoma mbali na hana salio, jamaa akawaza meseji ya bure ya kumwambia mtu nipigie. Mkurugenzi wa bidhaa akamwahidi kwamba wakiijaribu ikaleta pesa atapata mgao, ila mgao wa kiasi gani hakuna aliyeandika. 2001 huduma ikatoka, pesa ikaingia, yeye mikono mitupu. Akaenda kortini 2008, akashindwa 2014, akaja kushinda Mahakama ya Katiba Aprili 2016, na hata hapo wakaendelea kuvutana miaka mingine kuhusu kiasi. Watu husoma stori hii wakafurahi kwamba haki imepatikana, sawa, lakini mimi nauliza startap gani inaweza kukaa miaka 16 ikingoja? Na tena huyu alikuwa na bahati, manake kampuni yenyewe ilishamshukuru kwa jina kwenye jarida lake la ndani, kwa hivyo ilikuwa ngumu kusema hawamjui.

Sasa wewe fanya hivi. Kabla ya kikao peleka jina na nembo KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, usajili alama ya biashara, inakaa miaka 10 na unaihuisha. Programu isajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakimiliki unayo hata bila kusajili lakini cheti chenye tarehe ni ushahidi mzuri sana siku ya ugomvi. Kama umebuni kifaa kabisa, tuma ombi la hataza kabla hujamuonyesha mtu, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 baada ya kukitangaza lakini Ulaya hawana huruma hio, ukishakianika umekosa.

Halafu omba mkataba wa usiri, ile NDA. Kampuni nyingi kubwa zitakataa kusaini kikao cha kwanza, usinune, gawa mambo yako mafungu mawili tu: kile ambacho mfumo unafanya, na namna unavyokifanya. La kwanza onyesha, la pili libaki nyumbani mpaka wasaini. Demo ifanye kwenye laptop yako, uondoke nayo, na wakisema "tuachie faili tuwaonyeshe wakubwa" waambie utarudi uwaonyeshe wakubwa wewe mwenyewe.

Jioni hio hio tuma barua pepe, sio WhatsApp, kwa anwani zao za kazini: leo tarehe fulani tulikutana na fulani na fulani, tuliwaonyesha hiki na hiki kwa siri ili tujadili ushirikiano. Mistari minne inatosha. Na uliza bila aibu nani ana mamlaka ya kusaini, kwa sababu Vodacom walijitetea kortini kwamba yule mkurugenzi hakuwa na mamlaka ya kuahidi vile.

Hakathoni na mashindano ya ubunifu, soma masharti mpaka chini. Kuna mengine ukibonyeza nimekubali umeshakubali kwamba ulichowasilisha sio siri tena, zawadi yenyewe fulana na cheti.

Penye hatari kubwa kuliko zote ni majaribio, ile wanakulipa kidogo "mtutengenezee ya kwetu tuone". Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa inahesabika imehamia kwa aliyeiagiza isipokuwa mmekubaliana vingine! Yaani unalipwa pesa ya kodi ya ofisi na mfumo umeenda. Mkataba useme kinaga ubaga mfumo wa msingi ni wako, wao wanapewa ruhusa ya kutumia tu, na maboresho yote ni yako, na data ya wateja ni ya nani. Kipengele cha kukuzuia kufanya kazi na washindani wao usikikubali bila mwisho na bila malipo. Kama pesa ya wakili ni ya mara moja tu, itumie hapa. Na yule kijana aliyewaandikia msimbo wa kwanza kwa malipo ya chakula, mwandikishe karatasi leo kwamba msimbo ni wenu, manake wanasheria wa kampuni watauliza ni wa nani.

Siku ukiona huduma yako imetoka na rangi zao, usikimbilie mtandaoni kutukana, watakushtaki wewe. Kusanya zile barua pepe, wakili aandike barua ya madai, na usilale: kesi ya mkataba hapa Kenya ina miaka 6 tu tangu uvunjwe.